Chanta ndefu ya plastiki: tathmini baada ya miezi minane ya mazoezi hapa Dodoma

Zumari la mfuko la Uskoti ni chombo kigumu kwa mwanafunzi anayelianza moja kwa moja, kwa sababu anatakiwa kupuliza, kubana mfuko kwapani, kuchezesha vidole na kusikiliza mirija mitatu ya sauti isiyobadilika, yote kwa wakati mmoja. Ndiyo maana wapiga zumari huanzia kwenye chanta ya mazoezi, filimbi nyembamba yenye ulimi ndani yake, yaani kipande chembamba kinachotetema kikipulizwa na kutoa sauti, na noti tisa zinazopigwa kwa vidole vilevile vya zumari lenyewe, ila sauti yake ni ndogo kiasi cha kutowasumbua majirani. Yangu ni ya plastiki, ya aina ndefu, na nimeitumia kwa miezi minane nyumbani Nkuhungu.

Nilichagua plastiki kwa sababu ya hali ya hewa yetu. Tangu Mei hadi Novemba Dodoma karibu haipati mvua, na mbao inayolowa kwa pumzi kisha ikakaushwa na upepo huu iko katika hatari ya kupasuka. Inaniuma kidogo kusema hivyo, kwani mazumari bora ya Uskoti hutengenezwa kwa mpingo, mti unaoota katika misitu yetu ya kusini. Hata hivyo, anayeanza ahifadhi fedha zake, kwa kuwa plastiki haihitaji kupakwa mafuta. Ulimi wake nao ni wa plastiki, na ukame hauudhuru kama unavyoudhuru ulimi wa tete unaotumika kwenye zumari kubwa.

Urefu wake una manufaa makubwa zaidi. Nafasi kati ya matundu inakaribiana na ile ya zumari lenyewe, na matundu yamechongwa kwa kina kidogo, hivyo kidole hujua mahali pake bila jicho kusaidia. Manufaa hayo niliyaona katika kosa lililonisumbua kuliko yote, yaani kuvuka kutoka noti ya D kwenda E. Kwenye D, vidole vitatu vya mkono wa chini vimeinuliwa na kidole kidogo kimefunga tundu lake. Kwenye E, vitatu hivyo hufunga, kidole kidogo huinuka, na kidole cha pete cha mkono wa juu huinuka pia, vyote kwa mpigo mmoja. Mkono wa chini ukitangulia hata kwa nukta moja, sauti nzito ya chini hupenya katikati ya noti hizo mbili. Kwa wiki kadhaa sikuisikia kabisa, hadi niliporekodi kwa simu na kujisikiliza usiku, nikagundua kuwa ilikuwapo karibu kila mara.

Hapo ndipo nilipobadilisha namna ya kufanya mazoezi. Awali nilikuwa nikipiga wimbo mzima kwa saa mbili kila Jumamosi, nikilipita kosa kwa kasi na kukasirika mwishoni. Sasa ninafanya dakika 20 kila siku: ninachukua noti hizo mbili peke yake, ninaweka metronomu, kifaa cha kugonga mapigo ya muziki, kwenye mapigo 50 kwa dakika, na sipandishi kasi mpaka nivuke mara kumi mfululizo bila ile sauti kupenya. Kabla ya kushika chanta, ninauimba mstari huo kwa mdomo. Wapiga zumari wa Uskoti wana desturi ya zamani ya kufundishana nyimbo kwa kuziimba, nayo huitwa canntaireachd. Kosa nililokuwa nikiliona kama aibu sasa naliona kama kazi ya siku hiyo, na mabega yamelegea kwa sababu hiyo.

Kasoro zipo. Baada ya dakika kama 20 unyevu wa pumzi hujikusanya kwenye ulimi na sauti hukwaruza. Utoe, uukung'ute, uuache ukauke, jambo ambalo kwa upepo wetu halichukui muda. Kupuliza chanta ni kwepesi mno kulinganisha na zumari lenyewe, kwa hiyo haimwandai mtu kwa kazi ya mkono unaobana mfuko, na asiyelijua hilo atavunjika moyo siku ya kwanza ya kushika zumari kubwa. Ulimi uliokuja ndani ya kifurushi changu ulikuwa umepasuka ncha, na muuzaji hakujibu ujumbe wangu. Ule nilioununua badala yake ulipandisha noti za juu kupita kiasi, nami nikaurekebisha kwa kuzungusha uzi kwenye shina lake ili ukae juu kidogo tu, kwa kuwa ukiuzamisha ndani, noti za juu hupanda kuliko za chini.

Naipendekeza chanta hii bila kusita kwa anayeanza hapa kwetu. Anayeagiza aongeze ndimi mbili za akiba katika oda ileile, kwani sijapata duka lolote hapa mjini linaloziuza, na mimi nilikaa wiki tano nikisubiri huku vidole vikisahau.