Power Commander V, plagi na koili kwenye Honda CRF250L: kipi ununue ukiwa Unguja

Kwa anayetaka jibu la haraka: kisanduku cha mafuta, yaani Power Commander V, ndicho kinachobadilisha chombo (pikipiki hii ya CRF250L), plagi ya iridiamu tayari unayo, na koili ya "nguvu" iache dukani. Maelezo ya kila kimoja yanafuata, maana fedha inayotumika hapa inazidi jozi ya tairi nzuri na si ya kuitupa.

CRF250L ikiwa kama ilivyotoka kiwandani haihitaji chochote. Ni injini ya cc 249 yenye mgandamizo wa 10.7:1, na kompyuta yake imepangwa ipite vipimo vya moshi, kwa hiyo kwenye mwendo wa kati inabana mafuta. Shida huanza pale mtu anapofunga ekzosi ya wazi na kufungua njia ya klina (chujio la hewa). Hewa inaongezeka, mafuta yanabaki yale yale. Chombo kinasita ukigusa mkono wa mafuta kutoka sailensa (injini ikinguruma bila mkono kuguswa), kinapasuka "pa! pa!" ukiachia mkono kwenye mteremko, na shingo ya ekzosi inashika moto kupita kawaida. Lakini kabla hujalaumu mafuta, kagua gesketi ya pale ekzosi inapoingia kwenye silinda hedi. Ikivujisha hewa utasikia mpasuko ule ule, na hakuna ramani ya mafuta (jedwali la kiasi cha mafuta) itakayoutibu.

Power Commander V ya Dynojet inakaa kati ya injekta (inayopulizia mafuta kwenye injini) na waya zake. Kompyuta ya Honda inakadiria injekta ibaki wazi kwa muda gani, na kisanduku kinaurefusha au kuufupisha muda huo kwa asilimia. Ndani yake kuna jedwali: safu za kwenda chini ni mizunguko ya injini kwa hatua za 250, safu za kando ni kiasi cha mkono wa mafuta. Nambari 0 ina maana acha kama ilivyo. Uwezo wake unafika kuongeza 250%, lakini ekzosi na klina peke yake huwa vinataka kiasi cha 4 hadi 8% kwenye mkono wa 10 hadi 40%, kati ya mizunguko 3,000 na 6,000. Ukijikuta unaandika zaidi ya 15, acha kuandika. Kuna kitu kibovu kwengine, na aghlabu ni petroli isiyofika. Shinikizo lake linatakiwa kuwa karibu bar 3, na chujio la pampu huziba upesi kwa anayejaza petroli ya chupa huko shamba, yenye maji na mchanga.

Kabla ya kufunga chochote, pima nafasi ya tapeti (vali) injini ikiwa baridi: 0.16 mm upande wa kuingiza, 0.27 mm upande wa kutoa. Tapeti iliyobana inaharibu sailensa, na mtu atakesha akiitafutia dawa kwenye kompyuta.

Kuunga chenyewe si kazi ngumu. Toa kiti na tangi, chomoa soketi ya injekta, unga ya kisanduku katikati, halafu chukua ishara kutoka waya wa sensa ya mkono wa mafuta. Waya wa ethi peleka moja kwa moja kwenye hasi ya betri. Usiufunge kwenye fremu, kwani hapa kwetu boliti ya fremu ina chumvi chini ya rangi hata kama kwa macho inang'aa. Ukimaliza, washa injini, weka mita kati ya ethi ya kisanduku na hasi ya betri. Ikisoma zaidi ya volti 0.1, rudia kiungo.

Na viungo ndivyo vinavyoua vifaa hivi Zanzibar. Vile vibanio vya plastiki vinavyotoboa waya, ambavyo huja na seti nyingi za aina hii, ni vizuri kwa mtu anayeishi mbali na bahari. Kwa chombo kinacholala Jambiani au Nungwi, upepo wa kusi unaingiza chumvi kwenye kitobo kile na shaba inageuka kijani. Ishara ya mkono wa mafuta inaanza kurukaruka, kisanduku kinadhani umefungua mkono ilhali umeushika pale pale, na chombo kinakwenda kwa mishtuko. Fundi akifungua anaona waya mzima kwa nje, anahukumu kompyuta. Tupa vibanio. Menya waya sentimita moja, sokota, choma kwa risasi, vika mpira wa joto (unaonywea ukipashwa moto) wenye gundi ndani. Kwenye soketi zote paka grisi nyeupe ya silikoni kidogo tu, pembeni mwa mpira, isijae kwenye pini.

Ramani ya kupakua ni mahali pa kuanzia tu. Programu yake inataka kompyuta ya Windows na waya wa USB, kwa hiyo azima laptopu mapema. Kwanza kifundishe kisanduku nafasi za mkono wa mafuta injini ikiwa imeshapata moto: umefungwa kabisa utaona kiasi cha volti 0.5, umefunguliwa wote utaona 4 na ushei. Halafu badilisha 3% kila mara, sehemu moja ya jedwali, uende barabarani. Kusoma rangi ya plagi kwa petroli ya leo kunadanganya. Tumia sensa ya waidibendi (inayopima uwiano wa hewa na mafuta kwenye moshi), ichomelewe kwenye shingo ya ekzosi ikiinama kutoka juu ili maji yasikae ndani yake. Mwendo wa kawaida tafuta uwiano wa 14 hadi 14.5, mkono wote ukiwa wazi 12.8 hadi 13.2. Sensa ya oksijeni ya kiwandani nayo lazima ishughulikiwe kama maelekezo ya seti yanavyosema. Ukiiacha inafanya kazi, kompyuta itarudisha mafuta kule kule kila ukitulia kwenye mwendo mmoja, na utaona kama kisanduku hakifanyi kitu.

Tamaa ya kuongeza mafuta kila mahali ina gharama. Tangi ni lita 7.7. Tuseme unapata kilomita 30 kwa lita, hiyo ni 231. Ongeza ulaji kwa 10% ubaki na 210, bila ya kasi yoyote ya ziada.

Upande wa moto maneno ni machache. Plagi ya kiwandani ni NGK SIMR8A9, nayo ni ya iridiamu, kwa hiyo "kupandisha daraja" kwenda iridiamu ni kununua ulichonacho. Pengo lake ni 0.8 hadi 0.9 mm. Likipita 1.0 badilisha plagi, usiligonge, ncha ni nyembamba na inavunjika. Kaza kwa vidole mpaka ikae, kisha nusu mzunguko kwa plagi mpya. Usifunge plagi isiyo na rezista hata ukipewa bure, kwa sababu kelele yake ya umeme inavuruga kompyuta na kisanduku pia.

Koili ya volti nyingi haitoi cheche kubwa kwenye injini isiyo na hitilafu. Umeme unaruka mara tu unapofikia kiwango cha kutosha kuvuka pengo, na ile ziada iliyoandikwa kwenye boksi haitumiki. Chombo kikimisi wakati wa masika, angalia kofia ya plagi usiku: ukiona cheche za buluu zinatambaa kwa nje, chumvi na maji vimeshatengeneza njia. Kofia mpya inamaliza kazi kwa fedha kidogo sana.

Kuhusu kusogeza muda wa cheche mbele kwa vifaa vinavyoruhusu, nyuzi 2 ndio mwisho, na si kwenye mzigo mkubwa. Jaribu saa nane mchana, abiria nyuma, gia ya tano, mwendo mdogo, halafu fungua mkono. Ukisikia mlio kama kokoto ndani ya kopo, rudisha nyuzi zote siku hiyo hiyo kabla pistoni haijatoboka.

Asiyebadilisha ekzosi wala klina asinunue kisanduku hiki. Aliyebadilisha, anunue pamoja na mita moja ya mpira wa joto wenye gundi.