Dawa ya maumivu dukani: ipi kwanza, ipi mwisho

Hapa Busia, upande wa Uganda, dawa huuzwa kwa mkasi. Unasema "kichwa", muuzaji anakata tembe mbili, anazitia kwenye bahasha ya kaki. Basi tarehe ya kuisha muda imebaki kwenye kipande kingine. Mwambie akuonyeshe karatasi nzima kabla hajakata.

Ya kwanza kwangu ni parasetamoli. Kichwa, jino, mgongo wa kubeba magunia: anza nayo. Ni rahisi, haichokonoi tumbo, na hata mjamzito kwa kawaida huruhusiwa. Mtu mzima hunywa tembe moja au mbili za miligramu 500, akisubiri angalau saa nne hadi sita, zisizidi nane kwa siku. Zikizidi, huharibu ini, na mpenzi wa waragi, ile pombe kali yetu, amuulize daktari kwanza. Ila kama kuna homa na viungo vinauma, pesa ya kwanza iende kwenye kipimo cha malaria. Parasetamoli hushusha joto, haiui vimelea.

Ya pili ni ibuprofeni, kwa hedhi, jino lililovimba au kifundo kilichoteguka. Miligramu 200 hadi 400, mara tatu kwa siku, ukiwa umekula. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba aiache.

Ya tatu ni diklofenaki ya kupaka. Kwa goti la mzee naipenda kuliko tembe, maana kidogo tu ndicho kinachoingia kwenye damu.

Tembe za diklofenaki ni za nne. Zina nguvu, sikatai, lakini ni ndugu wa ibuprofeni, na wenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo wakae mbali nazo. Niliwahi kumeza zote mbili usiku mmoja kwa ajili ya jino. Jino lilinyamaza, tumbo likashika zamu hadi asubuhi. Na ile sindano ya "diklo" ambayo watu huidai kliniki? Kama unaweza kumeza, meza. Ikichomwa vibaya kalioni hujeruhi neva ya mguu.

Mkiani naweka tembe za mchanganyiko zenye aspirini, parasetamoli na kafeini. Mtu hunywa hizo, kisha anaongeza parasetamoli juu yake bila kujua anairudia. Aspirini, kwa mtoto wa chini ya miaka 16, hapana, mpaka daktari aseme.

Tramadoli siipangi: ni ya cheti cha daktari, hata muuzaji akikukonyeza.

Maumivu ya saratani nayo si ya dukani kabisa. Usimalizie akiba kwenye tembe. Hospice Africa Uganda, shirika linalotuliza maumivu ya wagonjwa kama hao, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, iko Makindye, Kampala. Huko wanatumia mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, inayochanganywa hapahapa Uganda na kutolewa bure kwa mgonjwa. Hunywewa kila saa nne, bila kungoja maumivu yarudi.