Duka la samaki wa mapambo Kirumba: mchanga wao ni wa ukweli

Jamani, kama uko Mwanza na unafuga wale samaki wa Ziwa Tanganyika wanaochekecha mchanga, Xenotilapia na ndugu zake, hiki kiduka cha Kirumba usikipite. Maduka mengi mjini ukiingia unauziwa changarawe za rangi, bluu sijui pinki, zinapendeza ila kwa huyu samaki ni mateso, maana yeye riziki yake iko mchangani: anainamisha kichwa, anapiga funda la mchanga, taya zinacheza kama mtu anasukutua, halafu mchanga unamwagika kupitia matamvua, kadudu kanabaki mdomoni. Mwekee changarawe uone, anazubaa pembeni tu.

Hawa jamaa wanao mchanga laini kabisa, umeshachekechwa na kuoshwa, ukiusugua kiganjani haukwaruzi. Nikauliza kama wa ujenzi unafaa, muuzaji akagoma, akasema chembe zake zina ncha zitamchubua samaki matamvua. Akaniambia mchanga wa kina cha sentimita 3 mpaka 5 unatosha, na mdomo wa filta uinuliwe, ukikaa chini inavuta mchanga na pampu inakufa mapema.

Halafu maji wanayajua. Watu wanaona ziwa ni ziwa, kumbe Victoria maji yake laini, yaani madini ya chumvichumvi ni kidogo sana, Tanganyika magumu, madini mengi, na pH (kipimo cha ukali wa tindikali au alkali) inakaribia 9, na haya mawe yetu ya Mwanza hata ujaze tangi zima hayapandishi pH wala ugumu kwa sababu ni granaiti. Wao wanauza vipande vya matumbawe vya kuweka ndani ya filta, vinapandisha taratibu. Furu, wale samaki wadogo wa Victoria yetu, pia wapo, ila wenyewe wanakwambia usichanganye, dume la furu lina fujo na hawa wachekechaji ni waoga.

Lawama yangu ni moja: pampu za hewa za betri hawana, na umeme ukikatika usiku hawa samaki hawavumilii hewa ikipungua kwenye maji, wangeleta hata chache. Na filta zao za bei ya chini zina kelele, usiweke chumbani kwa kulala.

Mchanga wanauza kwa kiroba, ghali kuliko wa ujenzi lakini bei inaongeleka, na bodaboda anakuletea hadi Buzuruga.