Jaketi la kahawia la ngozi ya farasi: nilivyolichagua Tabora na ninavyoiona ngozi yake

Katika miezi ya kipupwe, mtu anayetoka Tabora mjini alfajiri kwenda Sikonge kwa pikipiki hukutana na upepo unaopenya sweta mbili bila taabu. Barabara hiyo, yenye urefu wa kilomita zipatazo 70, mimi huipita mara mbili au tatu kwa wiki kufuata asali na nta kwa wafugaji wa nyuki, kwa hiyo jaketi kwangu ni kifaa cha kazi kama ilivyo helmeti. Ninaloeleza hapa ni la mtumba, la ngozi ya farasi, rangi ya kahawia iliyokolea, nililolinunua mwezi Juni mwaka jana kwa shilingi 180,000 katika soko la mitumba hapa mjini. Nimelivaa kipupwe kizima na msimu mzima wa mvua, nami naona ni muda wa kutosha kulisemea.

Kabla yake nilikuwa na jaketi jipya nililouziwa dukani, katika mji mwingine, kwa maelezo kwamba ni ngozi halisi. Lilinukia ngozi, lilikuwa laini, na rangi yake ilikuwa ya kupendeza kuliko hili. Baada ya miezi minane mabega yakaanza kubanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na chini ya ganda kikaonekana kitambaa. Ilikuwa ngozi ya kusaga, yaani masalia ya ngozi yaliyosagwa, yakachanganywa na gundi na kubandikwa juu ya kitambaa, kisha yakapakwa plastiki. Plastiki hiyo huvunjwa polepole na joto na unyevu, na Tabora tunavyo vyote viwili kwa zamu. Harufu haikunidanganya, maana ngozi ilikuwamo. Kosa langu lilikuwa kuiamini pua peke yake.

Farasi si mnyama wa huku kwetu. Mbung'o wa misitu ya miombo, hasa pande za Sikonge na Ugalla, hueneza nagana, na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaoangushwa upesi na ugonjwa huo. Ndiyo maana fundi wa ngozi wa Tabora anaweza kufanya kazi miaka arobaini akishika ngozi za ng'ombe, mbuzi na kondoo bila kushika ya farasi hata mara moja. Sifa ya ngozi hii kwenye majaketi imetoka Marekani, ambako zamani farasi walikuwa wengi mashambani na mijini, na ngozi zao zilipatikana kwa urahisi. Mwaka 1928, Irving Schott wa New York alitengeneza jaketi la pikipiki lenye zipu, akaliita Perfecto, na jaketi la A-2 la marubani wa jeshi la nchi hiyo, lililoanza kutumika rasmi mwaka 1931, kwa sehemu kubwa lilishonwa kwa ngozi ya farasi. Trekta na magari yalipochukua kazi za mnyama huyo, ngozi yake ikaadimika, na bei ikapanda. Siku hizi majaketi mapya ya aina hiyo yanayotoka Japani au Marekani huuzwa kwa fedha ambazo hapa zingenunua pikipiki iliyokwisha kutumika, kwa hiyo njia ya mtu wa kipato cha kawaida ni mtumba, na kwenye mtumba hakuna wa kukuhakikishia ila macho na mikono yako.

Siku niliyonunua, muuzaji alikuwa ametundika majaketi matatu ya kahawia, yote kutoka robota moja. La kwanza lilikuwa zuri kuliko mengine kwa kulitazama kwa mbali: rangi sawasawa, mng'ao sawasawa, bila kovu wala mstari. Usawa huo ndio ulionitia shaka. Ngozi ni ya mnyama aliyeishi. Ina mistari ya shingoni, madoa ya kupe, mikwaruzo ya miiba au waya, na sehemu ambazo vinyweleo vimekaribiana kuliko kwingine. Nikalibonyeza kifuani kwa kidole gumba. Ngozi ambayo uso wake haujaguswa hutoa vikunyanzi vyembamba vinavyotawanyika kuzunguka kidole kama miale ya jua, kisha hutoweka unapoachia. Hilo lilibonyea kama godoro na kurudi bila kikunyanzi hata kimoja. Ilikuwa ngozi, hilo silikatai, lakini uso wake ulisuguliwa kwa msasa ili makovu yafutike, ukapigwa chapa ya vinyweleo bandia, kisha ukafunikwa kwa rangi nzito. Ngozi ya namna hiyo hustahimili mvua vizuri, ila kadiri inavyozeeka rangi yake hupasuka kwenye viwiko na haina kinachobaki chini yake cha kupendeza.

La pili lilikuwa kuukuu kwelikweli, na nusura linichukue moyo. Lilikuwa na mikunjo ya kina mikononi na rangi iliyofifia mabegani kwa namna ambayo hakuna kiwanda kinachoweza kuiiga. Lakini nilipoingiza vidole ndani ya mfuko na kukunja ukingo wa ngozi, ukakatika kidogo na kuniachia unga mwekundu kama vumbi la tofali. Huo ni uozo unaoipata ngozi ya zamani iliyotengenezwa kwa magome ya miti, asidi ikishajikusanya ndani yake kwa miaka mingi. Hauna dawa. Mafuta yataitia ngozi giza na kumfanya mnunuzi adhani imepona, huku nyuzinyuzi zake zikiendelea kusagika. Namsihi kila anayependa majaketi ya zamani asilipe hata shilingi moja kabla ya kukunja ukingo uliofichika na kutazama vidole vyake.

La tatu ndilo nililolichukua, ingawa si mara moja. Ndani ya shingo lilikuwa na lebo ya kitambaa iliyoandikwa kwa Kiingereza kwamba ni ngozi ya farasi, na zipu yake ilikuwa na chapa ya YKK. Muuzaji alizitaja mbili hizo kama vyeti. Lebo hushonwa na yeyote mwenye cherehani, na zipu za YKK huuzwa kwa viwanda vya kila daraja duniani, kwa hiyo nilimwomba aniruhusu nilipeleke kwa fundi viatu mmoja mzee anayekaa karibu na soko, nikamwachia dhamana. Aliniruhusu, na kwa hilo namsifu, kwa sababu wengi hukataa.

Nilimkuta mzee akipitisha uzi kwenye nta. Nilimwamkia, akaitikia, akalipokea jaketi kwa mikono miwili. Nilianza kumwonesha mgongo uliokuwa ukimeremeta, akanikatiza: “Mwanangu, uso kila mtu anaupaka. Nipe ukingo.” Akaligeuza, akainua kola, akatafuta mahali ambapo ngozi ilikatwa ikaachwa bila kukunjwa, akausogeza ukingo ule kwenye mwanga na kuuchokonoa taratibu kwa ncha ya msharasi. Nyuzinyuzi hazikuinuka. Akachukua kipande cha ngozi ya tumbo la ng'ombe kilichokuwa miguuni pake, akakichokonoa vilevile, na nyuzi zake zikatoka kama pamba. Kisha akanionesha rangi ya katikati ya ukato. Ngozi iliyotengenezwa kwa dawa ya kromu, kama rangi haikupenya, huwa na moyo wa kijivu chenye ubuluu. Iliyotengenezwa kwa magome, kama yale ya miwati inayopandwa Njombe, huwa na moyo wa kahawia. Moyo wa jaketi hili ni wa kahawia kutoka juu hadi chini. Maana yake kwa mvaaji ni kwamba mkwaruzo hautafichua rangi nyingine, na kweli nimelikwaruza kwenye vichaka vya Sikonge mara kadhaa nisiione alama baada ya kulifuta kwa kitambaa.

Nilimuuliza kama ni farasi. Akasema, “Kwamba si mbuzi, hilo naapa. Ng'ombe au farasi, siwezi kukuapia.” Jibu hilo lilinifanya nimwamini zaidi. Vinyweleo vya mbuzi hukaa kwa vikundi na uso wake una vijichembe vinavyohisika kidoleni, kwa hiyo hutambulika; lakini kutenganisha farasi na ng'ombe kwa macho baada ya ngozi kutengenezwa ni jambo linalowashinda hata wazoefu. Ninachoweza kutaja ni dalili: ngozi ya farasi huwa na uso laini, wenye mng'ao, huwa ngumu mwanzoni, na hujikunja kwa mistari mikali kuliko mawimbi ya mviringo. Jaketi hili lina dalili hizo zote, nami naamini lebo yake inasema kweli. Hata hivyo, lingekuwa la ng'ombe na ukingo wake ukawa hivi, ningelinunua.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui ni kwamba ngozi ya farasi haifanani mwili mzima. Sehemu ya matakoni imebana mno, na ndani yake mna tabaka gumu linalotumika zaidi kwa viatu vya thamani. Sehemu ya mbele, ya mabega na ubavu, ni nyembamba na legevu zaidi, nayo ndiyo inayoshonewa majaketi mengi. Kwa hiyo neno farasi kwenye lebo halikwambii kitu mpaka ujue fundi aliyekata aliweka kipande kipi wapi. Kwenye jaketi langu, mgongo umekatwa kipande kimoja kizima chenye unene wa milimita 1.3 kwa kipimo cha vernia cha karakana ya jirani, na mikono ina unene unaokaribia huo. Kwapani, hata hivyo, kimewekwa kipande cha milimita 1 tu, laini, chenye vikunyanzi vilivyolegea hata ukikinyoosha. Ni kweli kwapa huhitaji ulaini ili mkono usogee, lakini aliyekata angeweza kupata ulaini huo bila kutumia kipande dhaifu cha namna hiyo, na hilo ni kosa la jaketi hili ambalo siwezi kulifumbia macho.

Kabla ya kulipa nilikaa juu ya pikipiki yangu na kushika usukani. Jaketi linalokaa vizuri mtu akisimama linaweza kumpanda hadi kiunoni na kumwacha vifundo vya mikono wazi akiendesha. Hili lina mikunjo miwili nyuma ya mabega inayofunguka mikono inapokwenda mbele, mikono yake ni mirefu kwa makusudi, na zipu inakwenda mshazari kutoka nyonga hadi upande wa bega, ikiwa na ulimi wa ngozi nyuma yake wa kuzuia upepo. Ulimi huo ndio unaonipa joto kuliko bitana. Alfajiri za Julai, joto linaposhuka hadi kama nyuzi 15 na mwendo ukaongeza ubaridi, kifua changu hubaki kikavu na chenye joto hadi Sikonge. Mchana ni mateso. Saa sita lazima livuliwe na kufungwa nyuma ya kiti, nalo lina kilo 2.6, nililipima mwenyewe kwenye mzani wa asali.

Mshono ni wa kuridhisha: mishono mitatu hivi kwa sentimita, uzi mnene, bila mruko. Mishono ikibanana mno, matundu huikata ngozi kama karatasi ya stempu. Kwa sababu hiyo pia ukubwa uchaguliwe sawasawa tangu mwanzo, kwani tundu la sindano kwenye ngozi halizibiki, na fundi akifumua bega ili alipunguze ataacha mstari wa matundu usiofutika.

Kuhusu usalama nitasema waziwazi. Ngozi nene huchelewesha lami kufika kwenye mwili wa mtu aliyeanguka, na hilo si jambo dogo, lakini jaketi hili halina pedi mabegani wala viwikoni, na halina lebo ya kiwango cha Ulaya cha EN 17092 kinachopima mavazi ya waendesha pikipiki. Asilinunue mtu akidhani ni vazi kamili la kinga.

Matunzo yake ni mepesi. Vumbi la barabarani hulifuta kila jioni kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa sana, zipu huisugua kwa brashi ya meno iliyokauka, na likilowa mvua hulitundika kivulini kwenye henga pana, mbali na jua na jiko. Nta ya Sikonge niliichanganya na mafuta kidogo, nikajaribu kwanza ndani ya ukosi kwa sababu nta huongeza giza la kahawia, kisha nikapaka utando mwembamba sana mara moja tu kabla ya mvua za Novemba. Mafuta mengi huilegeza ngozi na kuuchosha uzi. Januari ukungu mweupe uliota mgongoni baada ya kulifungia kabatini siku kumi; ulifutika, na tangu hapo hulala ukutani, penye hewa.

Mwezi Machi kwapa la kulia lilichanika pale pale nilipopahofia, mchano wa urefu wa kidole cha shahada. Mzee wa soko alitia kiraka cha ngozi ya mbuzi kwa ndani, akashona kwa kupita kwenye matundu ya zamani ili asiongeze mengine, akanitoza shilingi 12,000. Kwa hiyo limenigharimu 192,000 hadi leo, na naiona ni bei ya haki kwa mgongo na mikono ya ubora ule. Muuzaji angetaka 250,000, kwa kwapa lile ningemrudishia. Kola bado ni ngumu na hunikwaruza shingo upande wa kushoto ninapogeuka kutazama nyuma, kwa hiyo nafunga kitambaa cha pamba.