sRGB au Adobe RGB: picha zako uzitoe kwa ipi?

Wapiga picha wakikutana, swali hili halikosi. Zote mbili ni mifumo inayoamua ni rangi zipi picha ya kidijitali inaweza kubeba. sRGB ilitungwa na HP na Microsoft mwaka 1996. Adobe RGB ikafuata mwaka 1998, ikiwa na eneo pana zaidi la rangi, hasa upande wa kijani na samawati.

Kwa kuaminika, sRGB inashinda bila ubishi. Simu, vivinjari na studio nyingi za kusafisha picha huitegemea. Niliwahi kumtumia bibi harusi picha za Adobe RGB. Kwenye simu yake kitenge cha kijani kibichi kilipauka, na nyuso zikawa kama za wagonjwa. Faili lilikuwa zima. Programu ndiyo iliyosoma namba za rangi bila kuangalia profaili, yaani maelezo ndani ya faili yanayosema ni mfumo gani wa rangi uliotumika.

Kwenye uchapishaji wa hali ya juu mambo hugeuka. Printa nzuri hutoa samawati na kijani ambazo sRGB haiwezi kuzibeba, na hapo Adobe RGB inakulipa. Lakini skrini inayoonyesha upana huo ni ghali, na inabidi uisawazishe mara kwa mara kwa kifaa cha kupimia rangi. Kwa laptop ya kawaida, unahariri rangi usizoziona.

Ukipiga RAW, yaani faili ghafi la kamera, huna haja ya kuamua ukiwa na kamera mkononi. Utachagua wakati wa kutoa faili. Za harusi na mitandao, toa sRGB. Mchapishaji akikuomba Adobe RGB na una skrini ya kuikagulia, mpe, profaili ikiwa ndani ya faili.