Sony Trinitron WEGA: TV ya chogo inayoitendea haki DVD ya picha pana

Kama bado unaangalia filamu kwa deki ya DVD na unatafuta TV ya chogo iliyotumika, tafuta Sony Trinitron WEGA, ile ya kioo bapa. Kabla ya kulipa, ingia kwenye menyu yake uone kama kuna 16:9, yaani hali ya picha pana. Hapo ndipo inapoyapita machogo mengine ya umbo la 4:3, lile la karibu mraba, na si kila modeli inayo.

Picha ya DVD ya mfumo wa PAL imechorwa kwa mistari 576 ya kulala. Kwenye diski nyingi za picha pana, picha imebanwa ubavuni ili ijaze mistari yote hiyo, kisha TV ndiyo iitanue. TV ya kawaida ya 4:3 haiwezi, hivyo deki ikiwekwa 16:9 watu wanatokea warefu na wembamba. Dawa iliyozoeleka ni kuiweka deki 4:3 LB (Letterbox). Watu wanarudi kwenye umbo lao na mikanda myeusi inatokea juu na chini, lakini deki imeshapunguza mistari hadi 432: robo ya picha imepotea kabla haijafika kwenye waya. Deki za bei ya chini huifanya kazi hii vibaya, kingo za mshazari zikaonekana kama ngazi na maandishi ya tafsiri yakatetemeka. 4:3 PS (Pan & Scan) achana nayo, inakata picha pembeni.

WEGA haipunguzi kitu. Deki inabaki 16:9, mistari yote 576 inapita, na TV inaisogeza ikaribiane mpaka umbo likae sawa. Mikanda myeusi ipo vilevile, ila picha ni kali zaidi, na kwenye inchi 29 utaiona tofauti.

Simamisha diski kabisa kwa kubonyeza stop mara mbili, maana deki nyingi hazikubali kubadilishwa diski ikizunguka. Ingia Setup, kwenye TV Type chagua 16:9, halafu washa 16:9 ya TV. Kwa waya wa SCART, ule wa plagi pana yenye pini nyingi, pini ya 8 inaweza kuibadilisha TV yenyewe. Kwa waya wa njano, mweupe na mwekundu utawasha kwa rimoti, na filamu ikiisha uzime, la sivyo msoma habari atatokea amebonyea. Uzime pia kwa diski zilizorekodiwa na mikanda myeusi ndani yake. Hizo hazina mistari ya kuokoa.

Kasoro zake ni mbili. Ya inchi 29 inapita kilo 40, ibebwe na watu wawili. Na kioo bapa huweza kupindisha mistari iliyonyooka kwenye kona, kwa hiyo dukani nenda na diski yenye maandishi yanayopita chini ya skrini, uyatazame yakifika pembeni.