Vibao vya saruji kwa ukuta wa nje: kipi ununue kwanza

Aliyekulia kwenye nyumba ya tofali na lipu, kisha akanunua nyumba ya mbao huko Ohio au Minnesota, Marekani, hushangaa kugundua kwamba ukuta wake wa nje ni koti tu lililopigiliwa misumari juu ya fremu, na kwamba koti hilo huchakaa. Linapofika wakati wa kulibadilisha, chaguo langu ni vibao vya saruji iliyochanganywa na mchanga na nyuzi za mti, kwa sababu haviungui, mchwa hawavili, wala havijikunji kama vibao vya plastiki ya vinili vinapopigwa na jua linaloakisiwa na dirisha la jirani.

Nafasi ya kwanza naipa vibao virefu vilivyopakwa rangi kiwandani. Bei yake ni ya juu, lakini rangi imekaushwa kwa joto. Kampuni ya James Hardie, kwa mfano, huidhamini rangi hiyo kwa miaka 15 na kibao chenyewe kwa miaka 30. Kampuni hiyo hutengeneza aina tofauti kwa mikoa ya baridi na ya joto, basi anayeishi kwenye barafu aombe aina ya baridi, iitwayo HZ5, na asikubali kibao kilichobaki kutoka kazi ya Florida.

Vya pili ni vibao vilivyopakwa praima, yaani rangi ya msingi, peke yake. Vinamfaa mwenye rangi yake moyoni au mwenye mkoba mwembamba, ila rangi ya mwisho isicheleweshwe zaidi ya siku 180 baada ya kufunga, na gharama ya fundi wa rangi ihesabiwe mapema, maana hapo ndipo unafuu wa bei unapoyeyukia.

Vibao vipana vya futi 4 kwa 8 naviweka mwisho. Hufungwa haraka, lakini viungo vyake huonekana hadi vifunikwe kwa fito.

Chochote utakachochagua, kazi mbovu itakiharibu. Kibao cha futi 12 chenye upana wa inchi 8.25 kina uzito wa karibu kilo 8 na nusu, na ukikibeba kikiwa kimelala, hulegea katikati na kuvunjika. Hubebwa na watu wawili, kikiwa kimesimama kwa ubavu. Kofia ya msumari ikae sawa na uso wa kibao, kwani ikizama, kibao hakishikwi vizuri. Ukingo wa chini uachane na udongo kwa inchi 6, na kila mahali palipokatwa papakwe rangi kabla ya kufungwa, jambo ambalo mafundi wenye haraka hulisahau kwa urahisi wa ajabu. Ukataji ufanyike nje kwa msumeno wenye kifyonza vumbi, kwa kuwa vumbi hilo lina silika inayoharibu mapafu.

Siku ya kupokea mzigo, fungua nailoni uguse vibao vya katikati. Vikiwa na unyevu, virudishe: vitasinyaa vikiwa ukutani na kuacha nyufa kwenye viungo.

Kama nyumba ilijengwa kabla ya miaka ya 1980 na ukuta wake una vigae vya saruji vya zamani, usivibandue kabla kipande hakijapimwa maabara, kwa kuwa vingi vya wakati huo vilitengenezwa kwa asbesto, madini ya nyuzi yanayodhuru mapafu.